Dunga

Saa nane usiku, Kondele, juu ya duka la vipuri,
nilijaribu programu ya zahanati
na simu mia tatu na kumi na mbili zikalia mjini.

*Kesho usikose kliniki. Njoo na kadi.*

Mama Rispa Agola wa Nyalenda alikuwa wa kwanza kupiga.
Hakusalimu. "Nani amekufa?"
maana simu ya saa nane haina habari nyingine.
Hakuna, mama, nikasema, ni majaribio tu.
Akanyamaza. Nikamsikia akivuta pumzi.
"Majaribio ndiyo yamenishusha kitandani na mguu huu?"

Kosa nililijua kabla hajakata.
Darasa langu, Kikumbusho, lilijitengenezea mjumbe lenyewe,
ndani kabisa, mstari wa nne, kwa neno *mpya*,
na mjumbe yule alikuwa wa kweli,
mwenye salio la kweli,
asiyejua usiku wala mazoezi.
Ningemtoaje? Nilikuwa fundi
aliyepiga plasta juu ya mwiko wake.

Asubuhi Mideva akarudi kutoka zamu,
Mideva tunayepanga naye nyumba Manyatta,
nesi wa chumba cha upasuaji.
Akatia miguu kwenye beseni la maji moto, nikamweleza.
Javaskripti haijui. Anajua mikono.
"Daktari wetu hatembei kutafuta mkasi," akasema.
"Hata kabati hajui liko wapi.
Ananyoosha kiganja, mimi naweka.
Na wanafunzi wakija kushona ngozi ya mpira
nawawekea sindano butu, vilevile, kiganjani.
Kiganja ni kile kile, Khavere.
Kinachobadilika ni ninachoweka."

Nikafuta neno *mpya*.
Juu ya darasa nikachora nakshi,
ile *a* iliyojikunja kama konokono
ukutani baada ya mvua, na ubavuni mwake jina:

    @Dunga(Mjumbe, Saa)

Mideva akacheka hadi maji yakamwagika.
"Dunga ya sindano, au Dunga ya ufuoni?"
Zote, nikasema. Kule ufuoni mkaangaji
hajawahi kushika wavu. Husema "kilo tatu,"
kilo tatu zikaja, mafuta yakaendelea kuchemka.

Nakshi yenyewe haina kazi ya jasho.
Haitumi, haihesabu.
Ni ile karatasi mnayoning'iniza kitandani:
*Huyu asile tangu usiku.*
Husomwa mara moja, darasa linapozaliwa,
kabla mtu hajaliita kwa lolote.
Anayeijali ni ghala,
faili dogo la mistari sitini
linalojua kabati liko wapi.
Siku ya kazi huweka mjumbe mwenye sauti.
Siku ya majaribio huweka bubu:
hupokea kila neno, huliandika kwenye orodha,
hamwambii mtu.
Hata saa ninayodunga imesimama,
Jumanne daima, saa tatu na robo,
ili kesho iwe pale ninapoitaka.

Wambulwa wa meza ya pili hajaridhika.
"Zamani nilisoma mstari wa nne nikamwona mjumbe.
Sasa namwona wapi? Umeficha mlango."
Anasema kweli. Siri sikuiondoa,
nimeihamisha tu, nikaiwekea mlinzi,
na siku ghala likikosea jina
tutatafutana hadi jua lizame.

Lakini usiku huo, saa nane tena,
niliwasha majaribio nikaweka simu mezani,
kioo kikinitazama.
Mbwa mmoja alibweka upande wa Mamboleo.
Orodha ya bubu ikajaa, mia tatu na kumi na mbili,
na kwenye mstari wa tisini na moja:
*Rispa Agola. Njoo na kadi.*

Simu haikulia.
Nikakaa, nikitamani sana kumpigia
nimwambie kwamba sijamwamsha.